Da Zaituni, Maua Yameonekana

Da Zaituni,

Shikamoo. Najua huko uliko huwezi kuniitikia marahaba, lakini uliniambia mtu anayeanza maneno kabla ya salamu ni sawa na anayeingia chumbani kwa watu na viatu vya matope. Na mimi siku hizi naogopa kukukosea kuliko ulipokuwa hai. Ulipokuwa hai ungeniita "we Mkamba usiye na adabu," ungenisonya, halafu tungekula. Sasa ukikasirika nitajuaje?

Nakuandikia nikiwa chumbani kwetu Al Mansoura, hapa hapa Doha, nimekaa kwenye kitanda chako. Usije ukafikiri nimekiteka. Wametuletea msichana mpya, Mganda, mzuri tu, ila anakoroma. Nikasema kitanda cha Da Zaituni kimeshavumilia mkoromo wa kutosha, nikampa changu na mimi nikahamia kwako. Godoro bado lina lile shimo lako katikati. Nikilala naviringika mpaka humo, nikishaingia sitoki mpaka asubuhi.

Siku kakako alipopiga simu kutoka Likoni, ulikokwenda likizo, nilikuwa mlangoni pa klabu yetu ya akina mama na kikapu changu, nakusanya simu zenye kamera kama kawaida. Akasema ulikula chakula cha mchana, ukasema unajinyoosha kidogo, wakaja kukuamsha kwa sala ya alasiri na hukuamka. Akasema na kuzika wameshazika. Nilikata simu nikaendelea na kazi, kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya. Jioni nikawagawia akina mama simu, kila mtu nikampa ya mwenzake. Mama mmoja alifika nyumbani na simu ya mkwe wake, akasoma yaliyokuwamo. Vita vyake havijaisha mpaka leo. Nililia siku ile, Da Zaituni, nililia mpaka bosi wetu Madamu Rula akaniletea kiti, na wewe unajua Madamu hajawahi kumletea mtu kiti.

Sasa sikiliza yaliyofuata, maana ndiyo yaliyonikalisha niandike.

Madamu alinipa kazi yako. Ndiyo, mimi. Alikuwa ananiona kila siku nyuma yako kando ya bwawa, akadhani ninajifunza. Hakujua nilikuwa nakuletea umbea wa mlangoni. Kati ya yote uliyokuwa ukifanya na ule wavu na zile dawa, nilikuwa nimeshika mambo mawili tu: kwamba klorini haiguswi kwa mkono mtupu, na kwamba bwawa halifunguliwi mpaka maua yaonekane.

Hilo la maua ndilo lililoniua. Klabu nzima ilikuwa imelizoea. Kila mwanzo wa msimu wewe unachukua ile sahani yako ya bati, nyeupe, ya mdomo wa buluu, yenye mawaridi mekundu katikati, ile aliyokupa mama yako ulipoolewa. Unaitupa kwenye kina kifupi, unasimama pembeni mikono kiunoni. Ukiyahesabu mawaridi bila kukunja uso, unafungua. Ukikunja uso, unafunga na hakuna wa kukubembeleza. Wale akina mama walikuwa hawaulizi kama maji ni safi, wanauliza, "Wen al-ward?" Maua yako wapi? Basi Madamu naye akanisimamia pale na bangili zake, akasema ufunguzi ni Alhamisi. Asipoona maua Alhamisi, bwawa atawapa watu wa kampuni, na mimi nirudi kwenye kikapu cha simu. Sikutaka kurudi, Da Zaituni. Si kwamba nalipenda sana bwawa. Nilisema moyoni, akishika mtu wa kampuni, atatupa wavu wako, atatupa kiti chako cha plastiki chenye mguu uliofungwa kamba, na baada ya mwezi hakuna atakayejua ulikuwapo.

Haya. Tukalifunua turubai. Wakati wa baridi upepo ulikuwa umelipasua upande mmoja na vumbi lote la mtaa wa Muaither lilipitia hapo, likajaa tele. Mimi nilitegemea kuona bwawa. Nikaona uji. Ule uji wako wa mchele na nazi uliotupikia Ramadhani, mweupe, mzito, ukikosa hiliki tu. Nikaingiza mkono na kiwiko hakikuonekana. Nikasema aa, dawa ya uji ni klorini. Nikamwaga. Ukawa mweupe zaidi. Nikamwaga tena, macho yakaanza kunichoma, na njiwa waliokuwa wakinywa pale ukingoni wakahama mtaa.

Basi angalau niwe na sahani, niwe najua nimefika wapi. Nikaenda kwenye kabati lako chini ya sinki: hakuna. Chumba cha pampu: hakuna. Na kwenye sanduku lako haikuwamo, najua, kwa sababu nililipanga kwa mikono yangu kabla ya kulituma Likoni, na mama yako alishauliza kwa simu, "Na sahani yangu?" Nikajaribu sahani ya plastiki ya jikoni. Ikaelea. Ikazunguka bwawa zima taratibu kama bibi harusi, na wasichana wa saluni wakaipigia vigelegele. Nikajaribu kifuniko cha sufuria. Hicho kilizama vizuri, kikapotea kabisa, na mpishi hakunisemesha tena.

Ikabaki Marites. Unakumbuka jinsi huyo mwalimu wa kuogelea wa klabu alivyokuwa akiisifu ile sahani, akisema kwao Ufilipino bibi yake alikuwa na kama hiyo? Nikaunganisha moja na moja. Nikamfuata bafuni na ghadhabu zangu, nikamwambia, "Marites, nimekuja kwa heshima, toa sahani ya marehemu." Hakukana, hakukubali. Alinitazama tu akasema kwa Kiswahili kile ulichomfundisha, "Ngoja maji." Nikamuuliza ngoja maji gani, mimi nataka sahani. "Ngoja maji, Mwikali." Akaenda zake na taulo. Nikasema ehee, mwizi amekuwa na mafumbo! Kila nikimkuta namkazia macho, na kila nikimkazia macho ananiambia ngoja maji. Nilifikia kuapa kwamba sitakula naye meza moja.

Nikaingia kwenye akili ya nyumbani. Kwetu Kitui, unavyojua, maji ya bwawa la ng'ombe yana rangi ya chai, na nyanya yangu aliyanywesha ukoo mzima kwa jiwe la shabu. Unalizungusha kwenye ndoo, tope linashuka chini, unateka juu. Nikasema bwawa ni ndoo kubwa tu. Nikaenda kwa yule Mwirani wa viungo hapa Al Mansoura, yule uliyekuwa ukibishana naye kuhusu mdalasini, nikanunua shabu yote iliyokuwa dukani. Aliniuliza nina vinyozi wangapi wa kuwapaka watu shabu baada ya kunyoa. Nikaifunga kwenye leso, ile uliyonipa, ya "Mdhaniaye ndiye kumbe siye," nikaifunga kamba, nikaanza kuikokota majini ukingo mzima kama mtu anayeburuta mbuzi asiyetaka kwenda sokoni. Wasichana wa saluni walitoka tena. Siku hizi wananisubiri.

Na unajua nini? Ikaanza kufanya kazi! Maji yakashika vijidonge vyeupe vidogovidogo, vikaanza kushuka. Nikacheza pale peke yangu. Ila kuna jambo nyanya hakulijua, kwa sababu ndoo yake haikuwa na pampu. Nilikuwa nimeiacha pampu inanguruma. Vile vijidonge vyote vikavutwa vikaingia kwenye filta, mchanga wa filta ukaziba, mshale wa presha ukapanda kuliko ile presha yako uliyokuwa ukimficha daktari, na vilivyosalia vikarudishwa bwawani kwa bomba la pili. Uji ukarudi. Na leso yangu ilitoka na klorini imekula herufi. Imebaki "Mdha," na kidogo cha "siye."

Nilikaa kwenye kiti chako chenye kamba. Ilikuwa Jumanne. Nikakukasirikia wewe, kusema kweli. Nikasema kwa sauti, mtu anakwendaje kulala mchana na asimwambie mwenzake kama pampu inazimwa au haizimwi? Nikalia kwa hasira, nikakutukana kidogo, Mungu anisamehe. Halafu nikiwa katika kulia huko nikakusikia. Usiniulize vipi. Siyo mzuka, ni yale maneno yako tu, uliyoniambia siku nilipogombana na dereva wa basi letu nikataka kurudi kumwongezea: "Mwikali, mtu akichafukwa usimkoroge. Mwache atuame." Na ukaendelea kufagia kando ya bwawa ukaniambia, "Hata haya maji, mimi kazi yangu kubwa ni kuyaacha."

Nikanyanyuka nikaosha filta kwa kugeuza maji yarudi nyuma mpaka yatoke meupe, halafu safi. Nikarudi kwa Mwirani, ambaye safari hii aliniuliza kama mimi mwenyewe nanyoa ndevu. Nikaisaga shabu, nikaiyeyusha, nikaimwaga bwawa zima, nikaiacha pampu ichanganye kidogo. Halafu nikazima. Kimya. Da Zaituni, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutofanya kitu. Jumatano nzima nilikilinda kile kimya kama mtoto mwenye homa aliyepata usingizi. Mtu akipita na ndara za kupiga pa-pa-pa namwambia avue. Njiwa mmoja alirudi kujaribu bahati nikamfukuza na ufagio. Binti wa Madamu alitaka kuchovya kidole gumba cha mguu, kidole kimoja tu, nikamtazama mpaka akakikunja. Madamu mwenyewe akaja akaniuliza kwa nini pampu haifanyi kazi na kesho ni ufunguzi. Nikamwambia, "Madamu, maji yanatuama." Akasema "Yalla, Mwikali, nataka kuona unafanya kitu!" Nikachukua kitambaa nikaanza kufuta kiti. Akaondoka ameridhika.

Alhamisi asubuhi basi lilipotushusha nilikwenda mbio nikiwa na baibui la kazi limenifunga miguu. Maji yalikuwa safi, Da Zaituni. Safi ya kweli, ya kuona vigae. Ila chini kabisa uchafu wote ulikuwa umelala kama unga uliomwagika, sakafu nzima nyeupe. Nikachukua bomba la kufyonza, nikafungulia maji yatoke nje moja kwa moja yasipite kwenye filta, nikaanza polepole, hatua ya mgonjwa, kwa sababu ukiharakisha unga unanyanyuka na umerudi kwenye uji. Kina kifupi nikakimaliza. Kifuniko cha mpishi nikakiona. Sahani hakuna. Nikamtazama Marites, naye amekaa ukingoni upande wa mbali, amekunja miguu, ananitazama mimi.

Nikaingia upande wa kina kirefu. Pale chini ya ngazi kulikuwa na kitu cha duara kimefunikwa na unga, kama chapati kabla haijapigwa kwenye kikaango. Nikapitisha bomba juu yake mara moja. Pakatoka wekundu. Nikapitisha tena, waridi la kwanza, waridi la pili, mdomo wa buluu.

Nilipiga yowe wakafikiri nimeona maiti. Nikataka kuruka na nguo zangu. Marites akanyoosha mkono akapaza sauti kutoka kule, "Ngoja maji!" Na kweli ilinibidi ningoje, kwa sababu nikiruka unga wote unanyanyuka na Madamu yuko njiani. Nikamaliza sakafu yote kwa hatua ya mgonjwa, machozi yanadondoka bwawani, nikisema moyoni haya nayo yatahitaji klorini. Sikuwa naelewa. Sahani yako ilikuwa imekaa sawasawa, uso juu, katikati ya kigae, mguuni pa ngazi. Ya kutupwa haikai vile. Na wewe upande ule ulikuwa huupiti hata kwa miguu, ulikuwa ukiuzunguka umeshika ukuta.

Marites akaniambia. Kwa Kiswahili chake na Kiingereza changu na mikono ya sote wawili, akaniambia.

Kumbe miezi yote ile uliyokuwa ukipanda basi la alfajiri, ukiniambia unawahi kupima maji, ulikuwa ukijifunza kuogelea. Wewe! Wewe niliyekucheka miaka yote, mtu wa Likoni mwenye bahari mlangoni asiyejua kuogelea, huku mimi wa Kitui, ambako mto ni mchanga mtupu, napiga mbizi kama bata. Ulikuwa ukinijibu, "Sisi bahari tunaiheshimu, nyie wa bara mnaingia kwa sababu hamuijui." Nami nikidhani umenyamazishwa. Marites anasema taabu yako haikuwa kuelea. Kuelea ulielea siku ya kwanza, Mungu alikuumba na maboya yako. Taabu yako ilikuwa kuzama. Kila ukijaribu kwenda chini mwili unakurudisha juu, matako kwanza, na nyinyi wawili mnacheka mpaka mnameza maji. Na siku ya mwisho ya msimu, kabla hatujafunika, ukaishika ngazi ukajivuta chini kipandio kwa kipandio, kichwa chini kama anayeshuka kisimani kwa kinyume, sahani umeibana kwapani, ukaiweka pale. Ukaja juu unapumua kama ng'ombe, ukamwapisha Marites kwa Mungu wake asiseme neno. Ulitaka siku ya ufunguzi Madamu aulize maua yako wapi, nami niulize sahani iko wapi, halafu wewe mbele ya klabu nzima uvue baibui, ushuke uilete. Uone uso wangu.

Da Zaituni, uso wangu ungekuwa jambo la kuangaliwa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Kufa nimeshazoea kidogo kwamba umekufa, lakini kwamba ulikufa na mzaha wako mzuri kuliko yote mdomoni hujauachia, hilo nimeshindwa. Nilimuuliza Marites kwa nini hakuniambia siku ile nilipomwita mwizi. Akasema angeniambia ningesema anaongopa, afadhali nione kwa macho yangu. Ni kweli, ningesema anaongopa. Nilimwomba radhi, akasema radhi inaliwa, kwa hiyo kesho namkaangia samaki.

Madamu alikuja na bangili zake na akina mama nyuma yake. Nilikuwa nimeiacha pale pale ulipoiweka. Akainama upande wa kina kifupi, akatafuta, akaanza kukunja uso. Nikamwambia, "Madamu, huku." Akaja mpaka kina kirefu, ambako maua hayajawahi kuonekana tangu klabu ijengwe, akatazama chini, akayahesabu kwa kidole. Halafu akasema kwa sauti, "Al-ward!" na wale akina mama wakapiga vigelegele vya kwao, na wasichana wa saluni wakapiga vya kwao. Aliniambia kazi ni yangu. Hakuuliza sahani ilifikaje huko, nami sikusema, kwa sababu kwanza nilitaka tucheke wewe na mimi.

Walipokwisha kuoga nilishuka kuichukua. Ningeweza kupiga mbizi, unanijua. Nilishika ngazi, nikajivuta kipandio kwa kipandio, kichwa chini, kama wewe. Maji yaliniingia puani mpaka nikaona nyota. Ulifanyaje na ule mwili?

Kwa hiyo nakuaga, lakini kwanza ahadi. Likizo yangu ni mwezi wa nane. Sahani siitumi na mzigo, naibeba mwenyewe mkobani, naipeleka Likoni mkononi mwa mama yako, na nitamwambia mbele ya majirani kwamba binti yake alikuwa akizama na kuibuka huku Doha kama pomboo. Wakicheka nitakula kiapo. Halafu nitakuja kaburini nikuamkie vizuri.

Na jambo lingine. Miezi yote ile chini ya maji kitako cha sahani kilishika kutu, na nilipoiinua iliacha alama kwenye kigae mguuni pa ngazi, duara la kahawia, kamili. Madamu ameliona. Ameniletea brashi ya chuma na asidi, na kila asubuhi ananiuliza kama nimesugua. Kila asubuhi namwambia nimesugua, Madamu, nimesugua mpaka mkono unauma, lile halitoki.

Brashi bado iko kwenye karatasi yake. Halitatoka, Da Zaituni, maadamu maji haya nayashika mimi.

Mkamba wako asiye na adabu,
Mwikali